Maswali ya Wasomaji: Ofa si Hati, na Maneno Mengine ya Ardhi na Rehani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu viwanja, nyumba na mikopo ya nyumba. Tulipozipanga mezani tukaona kosa moja likijirudia kwa sura tofauti: maneno mawili yanafanana, msomaji akayachukua kuwa kitu kimoja, na pesa ikapotelea katikati. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara, hasa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asiyabebe yote kama yalivyo.

Nimepata kiwanja Kigamboni. Muuzaji anasema "kina hati", lakini alichonionyesha ni barua ya toleo ya mwaka 2006 na stakabadhi mbili. Dalali anasema ofa na hati ni kitu kimoja, tofauti ni karatasi tu. Ni kweli? (Msomaji, Temeke)

Si kweli. Barua ya toleo, ambayo wengi tunaiita ofa, ni serikali inamwambia mtu: tuko tayari kukumilikisha kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kwa masharti haya, ukilipa ada hizi ndani ya muda huu. Aliyeikubali na kulipa kwa wakati ana haki ya kweli, hilo hatulikatai. Lakini hati inakuja baadaye: inaandaliwa na ramani ya kiwanja inaambatishwa, inasainiwa upande wa Kamishna wa Ardhi, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati na kupewa namba yake. Tofauti kubwa iko kwenye huo usajili. Kiwanja chenye hati kiko kwenye daftari, na ukiomba upekuzi utaandikiwa ni cha nani, kama kina rehani na kama kuna mtu ameweka zuio. Kiwanja cha ofa hakina namba ya hati ya kupekua. Habari zake ziko kwenye jalada la ofisi ya ardhi, na jalada linategemea nani alilishika mara ya mwisho.

Kwa hiyo usianzie kwa dalali, anzia ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Uliza mambo manne. Je, kiwanja kipo kwenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na matumizi yake ni makazi au ni eneo la shule, la wazi au la barabara? Je, upimaji wake umeidhinishwa, na ramani ya upimaji ina namba gani? Jalada linasoma jina la nani leo? Ada za ofa na kodi ya pango la ardhi zimelipwa hadi mwaka gani? Hili la mwisho watu hulipuuza, wakati ofa yenyewe ina sharti la muda wa kulipa. Aliyekaa na barua ya 2006 bila kumaliza malipo anaweza kuwa ameshikilia kumbukumbu tu.

Kisha nenda uwanjani na mpimaji aliyesajiliwa akutafutie bikoni, yaani alama za mipaka, na kusoma vipimo vyake. Karatasi inaweza kuwa halali kabisa, ila ukaonyeshwa ardhi ya mtu mwingine. Utapeli huu tunaukuta mara nyingi kuliko hati bandia, kwa sababu hauhitaji kughushi chochote: muuzaji ana ofa ya kiwanja kilicho kwenye tope, anakuonyesha kilicho kwenye mwinuko. Lipo pia balaa ambalo Wizara ya Ardhi huliita milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja kimetolewa kwa watu wawili, na wote wawili wana barua. Hapo majirani na mwenyekiti wa mtaa husaidia kuliko kompyuta. Waulize nani amekuwa akifyeka hapo.

Kama yote yamenyooka na bado unakitaka, mwambie muuzaji amalizie hati kwa jina lake kwanza, ndipo akuhamishie. Atasema itachelewa, na kweli itachelewa. Mpe malipo ya awali kwa mkataba ulioandikwa na wakili, sehemu kubwa ibaki hadi hati itoke.

Na mkiambiwa kiwanja kina "leseni ya makazi", jueni hiyo si ofa wala si hati. Ni kibali cha muda mfupi kwa mwenye nyumba katika eneo la mjini ambalo halijapangwa. Inamtambua aliyepo, lakini haimpi umiliki wa muda mrefu.

Hati yangu ni ya miaka 33, ya jirani ni 99. Nimeonewa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Unachomiliki ni haki ya kuitumia kwa muda, na muda huo hauzidi miaka 99. 33 na 66 ni vipindi vya kawaida pia. Muda ukikaribia kuisha unaomba kuongezewa, na aliyetimiza masharti ana nafasi nzuri. Masharti yenyewe yako kwenye hati, ukurasa ambao wengi hawausomi: matumizi ya ardhi, muda wa kuendeleza (mara nyingi miezi 36), na kodi ya pango ya kila mwaka. Kuyavunja kunaweza kuleta ufutaji wa milki hata kama imebaki miaka 60.

Mahali ambapo idadi ya miaka inauma ni benki. Ukiomba mkopo wa miaka 20 kwa hati iliyobakiza 12, utaambiwa urudi ukiwa umeiongeza muda.

Benki ya kwanza imeniambia riba ni asilimia 15 "inayopungua". Taasisi ya pili imesema asilimia 15 "bapa". Nilidhani 15 ni 15. Nataka milioni 80 kwa miaka 15. (Mtumishi, Dodoma)

Swali hili ndilo tungependa kila mkopaji aliulize kabla ya kushika kalamu.

Riba bapa inapigwa juu ya pesa uliyokopa siku ya kwanza, hadi siku ya mwisho, hata kama umesharudisha nusu. Milioni 80 kwa asilimia 15 ni riba ya milioni 12 kwa mwaka. Mara miaka 15, milioni 180. Jumlisha mkopo wenyewe: milioni 260. Gawa kwa miezi 180 upate shilingi 1,444,444 kwa mwezi.

Riba inayopungua inapigwa juu ya deni lililobaki mwezi huo. Kwa milioni 80 hizo hizo, asilimia 15 kwa mwaka ni asilimia 1.25 kwa mwezi, na rejesho linalolingana kila mwezi ni kama shilingi 1,119,670. Jumla kwa miaka 15 ni milioni 201.5 hivi. Tofauti na ile ya bapa ni zaidi ya milioni 58, na tangazo la ukutani linasema 15 kote kuwili.

Usishangilie bado. Omba mchanganuo wa marejesho, ile jedwali inayoonyesha kila mwezi kiasi gani kinakwenda kwenye riba na kiasi gani kwenye deni. Mwezi wa kwanza, katika hiyo 1,119,670, riba inachukua 1,000,000 kamili na deni linapungua kwa 119,670 tu. Miaka mitano baadaye utakuwa umelipa zaidi ya milioni 67, na deni bado ni kama milioni 69.4. Wakopaji wengi hufika hapo wakadhani wameibiwa, wakaandika barua kwa hasira. Hawajaibiwa, hesabu ndivyo ilivyo: mwanzoni deni ni kubwa, kwa hiyo riba ni kubwa, na rejesho linabaki na nafasi ndogo ya kupunguza mtaji, yaani deni lenyewe.

Dawa ni muda. Mkopo huo huo kwa miaka 10 ni rejesho la 1,290,680 hivi kwa mwezi, yaani unaongeza kama 171,000, na unapunguza riba yote kutoka kama milioni 121.5 hadi milioni 75 hivi. Ukishindwa hilo, uliza kama unaweza kulipa ziada ikapunguza mtaji moja kwa moja, na kuna ada gani ya kulipa mapema. Jibu lipatikane kwa maandishi ndani ya mkataba, si mdomoni mwa afisa mikopo.

Maneno matatu zaidi utayakuta kwenye fomu. "Riba inayobadilika" maana yake rejesho la leo si la milele. Uliza inabadilika kwa kufuata kipimo gani na utajulishwa siku ngapi kabla. "Mchango wa mkopaji" ni sehemu ya bei unayoitoa mfukoni. Benki hailipii nyumba nzima, mara nyingi inakutaka uweke asilimia 10 hadi 20. Na kwa kuwa u mtumishi wa umma, kuna kanuni ya theluthi moja: makato yote kwa pamoja hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi ya mshahara. Mkopo mdogo wa pikipiki uliobaki nao unahesabiwa humo, na ndio unaowakwamisha wengi. Malizia huo kwanza.

Ada nazo zijumlishe: ada ya kushughulikia mkopo, uthamini, wakili, usajili wa rehani, bima ya moto na bima ya maisha ya mkopaji. Hizi hulipwa mwanzoni, pesa taslimu, na hazionekani kwenye asilimia 15.

(Wanaouliza kwa nini zamani hapakuwa na mikopo ya miaka 15 au 20: benki hukopesha amana za wateja ambazo zinaweza kutolewa kesho. Kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), iliyoanzishwa mwaka 2010, ipo kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba.)

Mthamini ameandika nyumba yangu ya Mbezi ni milioni 150. Benki imekubali kunikopesha milioni 84. Nani anadanganya? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Hakuna. Fungua taarifa ya uthamini ukurasa wa muhtasari, utakuta thamani zaidi ya moja. Thamani ya soko ni bei ambayo muuzaji asiye na haraka na mnunuzi asiye na shida wangekubaliana. Thamani ya kuuza kwa haraka ni makisio ya kitakachopatikana ikibidi iuzwe kwa muda mfupi, mnadani. Tuseme mthamini ameiweka asilimia 70 ya thamani ya soko: milioni 105. Benki nayo ina sera ya kukopesha, kwa mfano, asilimia 80 ya hiyo: milioni 84. Viwango hivi hutofautiana benki na benki, lakini njia ndiyo hiyo. Wewe unaiangalia nyumba ukiwa sebuleni, benki inaiangalia siku ya mnada.

Huenda pia ukaona thamani ya bima, ambayo ni gharama ya kulijenga upya jengo. Inaweza kuwa chini ya thamani ya soko kwa kuwa ardhi haiungui.

Yanayoshusha makisio unaweza kuyarekebisha kabla mthamini hajafika: njia ya gari isiyoonekana kwenye ramani, jengo lisilo na kibali cha ujenzi, ukuta ulioingia kwenye hifadhi ya barabara au mkuza wa umeme (njia ya nyaya kubwa), vyumba vya uani vilivyojengwa kuvuka mpaka. Hakikisha tu mthamini amesajiliwa, kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, na yuko kwenye orodha ya benki unayokwenda. Usipouliza hilo utalipia uthamini mara mbili.

Mume wangu ameniletea fomu ya benki nisaini, anasema ni ya ushahidi tu. Nyumba ni hii tunayoishi na watoto. (Mama, Arusha)

Mama, isome kichwa chake kwanza, maana kuna saini tatu zinazofanana kwa macho.

Shahidi anathibitisha tu kwamba ameona mtu akisaini. Mwenza anayetoa ridhaa anakubali nyumba ya familia iwekwe rehani, na kwamba deni lisipolipwa inaweza kuuzwa. Yeye hadaiwi pesa, lakini paa linaweza kuondoka. Mdhamini anakwenda mbali zaidi: anaahidi kulipa yeye mwenyewe mkopaji akishindwa, na anaweza kufuatwa kwa mshahara na mali yake. Fomu yako kwa vyovyote si ya ushahidi, kwa sababu Sheria ya Ardhi inataka rehani ya nyumba ya wanandoa iwe na ridhaa ya mume au mke, au wake, wanaoishi humo. Mkopaji anawajibika kueleza kama ana mwenza, benki nayo inatakiwa ichukue hatua za kujiridhisha. Kudanganya kwamba huna mke ili upate mkopo ni kosa la jinai.

Una haki ya kuuliza kabla ya kusaini: kiasi gani, miaka mingapi, rejesho ni shilingi ngapi, pesa inakwenda kufanya nini. La muhimu zaidi, uliza kama ridhaa yako ni kwa mkopo huu tu. Mikataba mingi ya rehani ina kifungu kinachofunika na mikopo ya baadaye. Unasaini kwa milioni 20, miaka mitatu baadaye nyumba hiyo hiyo inabeba 60. Taka kiasi cha juu kiandikwe kwa tarakimu na maneno. Na kama unaona mambo yanafanyika bila wewe, sheria inamruhusu mwenza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isihamishwe wala kuwekwa rehani kimyakimya.

Nalipa kodi ya nyumba kwenye LUKU kila mwezi. Kwa nini bado nimeletewa ilani ya kudaiwa kodi ya ardhi? (Msomaji, Tanga)

Ni kodi mbili. Ile ya LUKU ni kodi ya majengo: tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja, inalipwa Wizara ya Ardhi kwa namba ya malipo, na hukokotolewa kwa ukubwa, matumizi na mahali kilipo. Kiwanja kitupu hakina LUKU lakini kinadaiwa pango. Lipa, hifadhi stakabadhi. Bila hiyo uhamisho hauendi.

Nimechelewesha marejesho miezi minne. Nimepokea barua ya siku 60. Dalali wa mnada ameshapiga simu. Je, nyumba imeshaondoka? (Msomaji, Mwanza)

Bado, na siku hizo 60 zina thamani kubwa kuliko unavyofikiri.

Barua hiyo inaitwa notisi ya kushindwa kulipa. Kisheria inatakiwa ieleze umeshindwa nini na kwa kiasi gani, ufanye nini kurekebisha, na kwamba siku 60 zikipita tangu uipokee bila kurekebisha, deni lote litadaiwa kwa mkupuo na benki inaweza kutumia haki yake ya kuuza. Elewa tofauti hapo: ndani ya siku 60 unaweza kuokoa nyumba kwa kulipa malimbikizo. Zikipita, inabidi ulipe deni zima. Kwa hiyo andika tarehe uliyoipokea, weka bahasha, na chukua taarifa ya akaunti uone kama kiasi kinachodaiwa ni sahihi, pamoja na adhabu zilizoongezwa.

Kisha nenda benki, usingoje. Maneno ya kutumia ni "kupanga upya mkopo": muda unaongezwa, rejesho linashuka, malimbikizo yanasambazwa. Peleka karatasi za kipato cha sasa, si hadithi. Makubaliano yoyote yaandikwe na kusainiwa. Malipo kidogo kidogo bila makubaliano hayasimamishi saa ya notisi. Njia nyingine, ambayo watu huikataa kwa aibu, ni kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa kibali cha benki. Nyumba unayoiuza wewe hupata bei ya soko au karibu yake, deni likalipwa na kilichobaki kikawa chako.

Mnada nao una masharti. Tangazo la hadhara linatakiwa litolewe angalau siku 14 kabla. Benki inayouza ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana wakati huo. Bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa milki zinazolingana nayo sokoni, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, hadi benki ithibitishe vinginevyo. Kikizidi deni na gharama ni chako, kidai. Lakini usikae ukitegemea kesi. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa, na ukishinda mara nyingi unapata fidia badala ya nyumba. Nafasi yako ya kulipa na kuikomboa ipo mpaka mauzo yafanyike. Nyundo ikishagonga imekwisha.

Na huyo dalali wa mnada anayepiga simu kabla siku 60 hazijaisha, muulize ana barua ya kazi ya tarehe ngapi.

Nauza nyumba milioni 100. Nilinunua kiwanja milioni 30, nikajenga kwa milioni 45. Kodi gani inanihusu na hatua ni zipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwako muuzaji mkaazi kuna kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida. Faida yako ni 100 toa 75, yaani milioni 25. Kodi milioni 2.5. Lakini hiyo 75 lazima uithibitishe: mkataba wa kununulia, risiti za saruji, nondo na mabati, malipo ya mafundi. Asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa kuangalia bei nzima badala ya faida. Msamaha upo kwa nyumba ya makazi uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu, ila faida isizidi milioni 15, yako imezidi. Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana ugomvi mwingi wa mwisho wa safari unatoka hapo.

Hatua: upekuzi, mkataba wa mauziano mbele ya wakili, uthamini wa serikali, kisha fomu tatu za ardhi, Na. 29 ya taarifa, Na. 30 ya kuomba kibali cha uhamisho na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Ambatisha ridhaa ya mwenza, hati halisi, picha, stakabadhi za pango. Lipa Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha peleka kwa Msajili. Msiandike bei ndogo ili kukwepa kodi: mamlaka hutazama thamani iliyoidhinishwa, na mkiingia mgogoro mnunuzi atarudishiwa ile iliyoandikwa.

Sitaki riba kwa sababu ya dini. Nimeelezwa murabaha na musharaka. Kuna tofauti gani? (Msomaji, Kinondoni)

Kwenye murabaha benki inanunua nyumba, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu zaidi inayotajwa wazi, unailipa kidogo kidogo. Bei haibadiliki hata soko likitikisika. Kwenye musharaka inayopungua mnanunua pamoja, tuseme wewe asilimia 20 na benki 80. Unalipa pango la sehemu ya benki huku ukiinunua fungu kwa fungu mpaka iwe yako yote. Hapo pango linaweza kupitiwa upya, soma kifungu hicho. Uliza mambo mawili: ukilipa murabaha mapema unapunguziwa faida au hapana, na kwa kuwa mali inauzwa mara mbili, uhamisho na ushuru wake umepangwaje.

Niko Muscat, raia wa Tanzania. Kaka ananinunulia kiwanja Bagamoyo kwa pesa yangu, hati inaandikwa jina lake "kwa muda". Kuna ubaya? (Msomaji, Oman)

Upo. Daftari litasoma kaka, na daftari ndilo linalosikilizwa na benki, mahakama ya mirathi na wake wa kaka. Andaa hati ya uwakilishi wa kisheria inayomruhusu kununua kwa jina lako, itaje kiwanja na mipaka ya mamlaka yake, isainiwe mbele ya ubalozi au mthibitishaji, kisha isajiliwe Tanzania. Pesa itumwe kwa akaunti ya muuzaji au wakili, maelezo ya malipo yakitaja namba ya kiwanja.

Nimemaliza mkopo wa nyumba. Benki imenirudishia hati yangu. Kuna kingine? (Mstaafu, Moshi)

Hongera, mzee wetu, lakini kipo. Rehani ilisajiliwa, kwa hiyo nayo inatakiwa ifutwe kwenye daftari. Dai benki isaini fomu ya kuondoa rehani, uipeleke kwa Msajili pamoja na hati, upokee hati yenye mhuri wa kufutwa, halafu omba upekuzi mpya na uhakikishe sehemu ya mizigo, panapoandikwa rehani na mazuio, iko tupu. Fanya mwezi huu huu, wakati afisa aliyeshughulika na jalada lako bado yuko kwenye tawi hilo.